Usiisafishe

Mama Kerubo alipanda kwangu Jumanne moja ya Julai,
jua la Nairobi limejifunika blanketi,
amembeba mgongoni mtoto wa miaka sita
kama bado ni wa miezi sita.
"Ngazi zako ni ishirini na mbili," akasema.
"Yeye huweza nne."

Nimepiga pasipoti hapa Kariobangi miaka kumi na tisa.
Kazi yangu naijua: nanyoosha kola,
nafuta chunusi, jasho, kovu la utotoni,
nawapa weupe wa macho watu waliokesha.
Hakuna aliyewahi kunilipa
nimwache alivyo.

Nikamkalisha Kerubo kwenye kigoda.
Akateleza, akachuchumaa sakafuni,
magoti kifuani, anahema kama aliyekimbizwa.
Nikadhani ni utundu.
"Mngoje," mama akasema.
"Hivyo ndivyo anavyokopa pumzi."

Nikangoja. Ndipo nilipoiona midomo.

Majirani humwuliza: umekula zambarau?
Naye, kwa kuwa alishachoka kukana,
hujibu: ndiyo, nyingi,
hata kucha nimezipaka.
Kucha zenyewe zimevimba nchani
kama vichwa vya virungu vidogo.

Walisema ni baridi, wakamvika fulana tatu.
Walisema ni jicho la mtu.
Mwalimu wa chekechea aliandika kwenye ripoti:
Hapendi michezo.

"Moyo wake una tundu," mama akasema,
akanipimia kwa vidole viwili
upana wa tundu la kifungo.
"Alizaliwa nalo. Sikulitoboa mimi."
Hili la mwisho aliiambia kamera.

Nikapiga. Nikafungua kompyuta,
mkono wenye mazoea ukaifuata brashi,
nikaanza kutia waridi mdomo wa juu.
Akanishika kifundo.
"Ukiisafisha hiyo umenifutia ushahidi.
Zahanati tatu zimempa dawa ya kikohozi.
Wewe umemwona. Mwache aonekane."

Kusafisha.
Enzi za filamu, babangu alipokuwa na chumba chake cha giza,
kusafisha picha kulikuwa kuitoa gizani,
uso unakuja polepole ndani ya beseni
na sisi watoto tunabishana ni nani.
Sijui ni lini neno likageuka mikononi mwangu
likawa kufuta.

Nikaichapa kubwa, vilevile,
nikaitundika ukutani, palipotazamana na ngazi,
kati ya bibi harusi na kijana wa mahafali.
Bibi harusi mwenyewe akaja kulalamika.

Kisha akaja Wanjala, fundi wa pikipiki, bila kuitwa.
Akafungua shati mwenyewe.
Mshono umeshuka kutoka kooni hadi chini ya kifua,
zipu, ndivyo anavyouita,
na akataka niuwashie taa kutoka upande
ili kila pindo lipate kivuli chake.
"Walinishona nikiwa na miaka tisa," akasema.
"Waonyeshe kwamba mtu hufunguliwa na kufungwa tena
na akaenda kuinua injini."

Muuguzi wa kliniki ya Kaloleni akaomba nakala,
akazibandika pale akina mama hupangia foleni ya chanjo.
Chini ya Kerubo aliandika kwa kalamu nene:
Huyu hakula zambarau.

Kerubo naye yuko katika foleni nyingine, ndefu,
ya kisu. Hunipigia Ijumaa kwa simu ya mamake:
"Bado niko ukutani?"
Bado, namwambia.
"Bibi harusi je?"
Huyo tumemhamisha.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke
mwenye kitoto kifuani. Nikampiga pasipoti nne.
Alipokuwa akigeuka kuketi asubiri, akasimama.
Akakifunua kitoto, akakisogeza penye mwanga wa mlango,
akatazama mdomo, akatazama ukuta,
akatazama mdomo.
"Huyu," akauliza, "walimpeleka wapi?"

Nikamwandikia nyuma ya risiti.
Picha zake nne ninazo hapa kwenye bahasha.
Hajarudi kuzichukua.